Fumo Liyongo: Shujaa Mbele ya Watazamaji

Utangulizi

Miongoni mwa mashujaa wanaotajwa katika fasihi ya Kiswahili, Fumo Liyongo ndiye aliyepata umaarufu mkubwa zaidi. Wanafunzi wa shule za upili humsoma kama kielelezo cha visakale, wale wa vyuo vikuu humchunguza kama mtunzi anayehusishwa na baadhi ya nyimbo kongwe za lugha hii, nao wanahistoria humtafuta katika magofu ya miji ya kale iliyotapakaa baina ya kisiwa cha Pate na mwambao wa Kipini. Ushujaa wake, ushairi wake na nasaba yake vimeandikiwa mengi. Upo upande mmoja wa maisha yake, hata hivyo, ambao aghalabu hutajwa kwa kupita tu. Liyongo alikuwa mtu wa maonyesho. Karibu kila tukio kubwa la maisha yake, kama yanavyosimuliwa katika visiwa vya Lamu, lilitendeka mbele ya umati uliokusanyika kumtazama.

Neno sarakasi liliingia katika Kiswahili kutoka Kiingereza, na mchezo wenyewe kwa umbo unaojulikana leo ulianza mwaka 1768, pale Philip Astley alipoanza kuonyesha mbinu za kupanda farasi ndani ya kiwanja cha duara jijini London. Baadaye wakaongezwa wapiga ngoma, wachekeshaji, watembea juu ya kamba, majitu yenye nguvu na watu waliojifungua kutoka minyororoni. Ukiondoa hema na farasi, kiini cha sarakasi ni kimoja: mwili wa binadamu mmoja unaotenda jambo lisiloaminika, na watu wengine waliouzunguka wakishuhudia. Kwa maana hiyo, Waswahili wa kaskazini walikuwa na kiwanja chao karne nyingi kabla ya Astley, na mtu aliyesimama katikati ya kiwanja hicho alikuwa Liyongo.

Makala haya yanayafuata maisha ya Liyongo kwa kuuzingatia uhusiano huo kati yake na watazamaji wake. Hoja inayojengwa ni kwamba kila hila aliyofanyiwa Liyongo mahali palipokuwa na watu ilishindwa, na hila pekee iliyofaulu ni ile iliyotendwa pasipokuwa na mtazamaji yeyote.

Asili na Zama Zake

Liyongo anahusishwa na Shaga, ambao pia huitwa Shaka, mji wa kale uliokuwa upande wa bara karibu na Kipini, mahali Mto Ozi unapomwaga maji yake baharini. Jina Fumo ni cheo cha kitawala kilichotumiwa na watu wa jamii za juu katika eneo hilo, na neno lenyewe lina maana ya mkuki. Wataalamu wametofautiana kuhusu zama alizoishi. Wapo wanaomweka kabla ya Wareno kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498, na wapo wanaomsogeza mbele hadi karne ya 16 au ya 17. Hitilafu hiyo haijawazuia wenyeji kumhesabu kuwa mtu aliyeishi kweli. Katika eneo la Ozi huonyeshwa mahali panaposemwa kuwa ndipo alipozikwa.

Kiini cha mgogoro uliomwandama maishani kilikuwa utawala. Mfalme wa Pate, ambaye katika masimulizi kadhaa huitwa Daudi Mringwari, alikuwa jamaa yake. Baadhi ya wahakiki wanauona uhasama wao kuwa mvutano wa urithi: nani alistahili kukalia kiti, na je, haki hiyo ifuate upande wa baba au wa mama? Masimulizi yenyewe yanakazia jambo jingine lililo wazi zaidi kwa msikilizaji wa kawaida. Mfalme alikuwa na kiti, lakini Liyongo alikuwa na watu. Alikuwa mrefu kupita kiasi, mwenye sura ya kupendeza, hodari wa upinde na hodari wa kutunga. Popote alipopita, macho yalimfuata. Mtawala anayetaka macho yote yamwelekee yeye hawezi kuvumilia jambo kama hilo kwa muda mrefu.

Onyesho Mbele ya Wageni

Tukio la kwanza kubwa katika utenzi wa Liyongo ni onyesho lililoandaliwa na mfalme mwenyewe. Wagala, jina ambalo maandishi ya kale yaliwaita Waoromo, walifika Pate kwa biashara. Katika mazungumzo walisikia habari za mtu wa ajabu aliyeogopwa na wengi, wakatamani kumwona. Mfalme, kwa fahari ya mwenyeji aliye na kitu ambacho mgeni hana, akatuma barua ya kumwita.

Safari kutoka Shaga hadi Pate ilikuwa ya siku nne kwa mwendo wa kawaida. Liyongo aliimaliza kwa siku moja. Alipofika kwenye lango la mji alipuliza panda kwa pumzi iliyozipasua, na mlio wake ukawatia wageni hofu kabla hawajamwona. Kisha akaingia, akaketi, akautua mkoba wake na kuanza kutoa vilivyokuwamo: kinu na mchi wake, jiwe la kusagia, vyungu vya kupikia, na hata mafiga matatu. Wageni walishangaa kuona kwamba mtu mmoja ameibeba jikoni nzima begani kama mwingine abebavyo tambuu.

Mambo mawili katika onyesho hilo yanafaa kuzingatiwa. La kwanza ni panda. Katika miji ya visiwa vya Lamu, baragumu kubwa halikuwa ala ya mchezo tu. Siwa ya pembe ya ndovu ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu zilikuwa alama za mamlaka, na zilipulizwa katika shughuli za watu wa tabaka la juu kwa idhini maalumu. Mtu anayesimama langoni mwa mji wa mfalme na kupuliza mapanda hadi yakapasuka anakuwa ametoa tangazo, hata kama hakukusudia. La pili ni vitu vilivyotoka mkobani. Liyongo hakutoa dhahabu wala silaha. Alitoa vyombo ambavyo kila mtu aliyekuwapo alivijua uzito wake, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa navyo. Hiyo ndiyo siri ya majitu ya sarakasi popote duniani: nguvu huaminika pale mtazamaji anapoweza kuipima kwa kitu alichowahi kukiinua mwenyewe.

Wageni walivutiwa mno hata wakaomba wapatiwe mbegu ya mtu huyo, ili wazaliwe katika ukoo wao watoto walio kama yeye. Ombi hilo lina uchungu wake. Historia ya maonyesho imejaa watu walioitwa waje watazamwe, kisha miili yao ikageuzwa mali. Sara Baartman, Mkhoikhoi kutoka Afrika Kusini, alipelekwa London mwaka 1810 na kuonyeshwa kwa malipo. Alifariki jijini Paris mwaka 1815, na mabaki yake hayakuzikwa nyumbani hadi mwaka 2002. Liyongo naye alitazamwa kama kioja na kuombwa mwili wake kama dume la kundi. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na kauli. Alikubali kwa masharti ya ndoa, akamwoa mwanamke wa Kigala, na kutokana na ndoa hiyo akazaliwa mtoto wa kiume. Onyesho la siku moja likawa limeacha uzao, na uzao huo ndio uliokuja kumwangamiza.

Mkoma na Kikoa cha Hila

Baada ya wageni kuondoka, fahari ya mfalme iligeuka kuwa hofu. Alikuwa amewaonyesha watu nguvu isiyokuwa yake, na sasa watu walijua nguvu hiyo iko wapi. Shauri likafanywa la kumwondoa Liyongo. Naye alipopata habari aliukimbia mji, akaingia mwituni, akaishi na watu wa porini, Wasanye na Wadahalo, waliokuwa mahodari wa uwindaji. Mfalme aliwafuata huko kwa siri na kuwaahidi riyali 100 iwapo wangemletea kichwa cha Liyongo.

Watu hao hawakuthubutu kumkabili ana kwa ana. Walibuni mchezo. Walimshauri Liyongo wafanye kikoa, yaani wale kwa zamu, kila siku mmoja wao apande mkoma awaangushie wenzake matunda. Shabaha yao ilikuwa kusubiri zamu ya Liyongo, kisha akishafika juu, mikono yake ikiwa imekumbatia mti, wamrushie mishale kutoka chini. Zamu yake ilipofika, wote walikuwa wameketi wakitazama juu. Liyongo hakupanda. Aliupinda upinde wake, akayafuma makoma kwa mishale moja baada ya moja mpaka yakawatosha wote. Waliokuja kumwua wakabaki kuwa hadhira ya ustadi wake, na wakarudi kwa mfalme wakisema kwamba mtu huyo hawamwezi.

Katika sarakasi, mpandaji wa mahali pa juu huwa katika hatari ambayo watazamaji wameilipia. Hapa watazamaji walikuwa wamelipwa ili hatari hiyo itimie. Liyongo aliugeuza mchezo kwa kukataa nafasi aliyopangiwa na kuchagua nyingine: badala ya mtu anayelengwa, akawa mlengaji. Masimulizi hayaelezi kama alijua hila hiyo au alitenda kwa silika tu. Kwa vyovyote vile, tukio linadhihirisha kwamba nguvu za Liyongo hazikuwa za misuli pekee. Alijua jinsi ya kusoma kiwanja na waliomzunguka.

Gungu la Usiku wa Mwisho

Hatimaye mfalme alifaulu kumtia mbaroni. Liyongo alifungwa kwa minyororo ndani ya gereza, akawekewa walinzi wengi, na hukumu ya kifo ikapitishwa. Mamake alikuwa akimpelekea chakula kila siku kwa mkono wa kijakazi aliyeitwa Saada. Walinzi walikuwa na desturi ya kukinyang'anya kila chakula kizuri na kumwachia mfungwa makombo. Kutokana na ulafi huo Liyongo alipata njia. Alimtungia Saada maneno ya mafumbo ayafikishe kwa mamake, naye mama akayaelewa: aoke mikate mizuri kwa ajili ya walinzi, na pamoja nayo mkate mmoja wa wishwa ambao hakuna atakayeutamani, na ndani ya mkate huo atie tupa. Walinzi waliuona mkate wa wishwa, wakaudharau, wakamwachia mfungwa. Tupa ikafika.

Palibaki tatizo moja. Chuma kikikerezwa hutoa sauti, na walinzi walikuwa mlangoni. Alipoulizwa haja yake ya mwisho kabla ya kuuawa, Liyongo aliomba ipigwe ngoma ya gungu, pamoja na mwao, kwa ala zake zote. Gungu ilikuwa ngoma ya heshima, ya watu wa nasaba, iliyochezwa kwa madaha na kuandamana na nyimbo zenye mafumbo. Hapakuwa na sababu ya kumnyima mtu anayekwenda kufa jambo ambalo wauaji wake pia walilifurahia. Watu wakakusanyika. Matari, matoazi na upatu vikalia, naye Liyongo akiwa ndani akawaongoza kwa nyimbo alizozitunga. Chini ya mshindo huo alikuwa akiikata minyororo. Ngoma ilipofikia upeo wake, minyororo ilikuwa imekatika. Alitoka, walinzi walioweza kukimbia wakakimbia, na waliosalia hawakusalimika.

Tukio hili ndilo kitovu cha kisa kizima, na ndilo linalomkaribisha Liyongo zaidi na uwanja wa sarakasi. Kujifungua minyororo mbele ya umati ni mojawapo ya maonyesho yaliyopendwa sana duniani. Harry Houdini, aliyefariki mwaka 1926, alijipatia umaarufu wa kimataifa kwa kufungua pingu. Katika filamu ya La Strada, iliyotengenezwa na Federico Fellini nchini Italia mwaka 1954, jitu liitwalo Zampanò huzunguka vijijini likikata mnyororo kwa kuutanua kifua, huku msichana maskini Gelsomina akipiga ngoma kuwaita watu. Ngoma ya Gelsomina huwaambia watu watazame mnyororo. Ngoma ya Liyongo iliwafanya watu wausahau mnyororo. Zampanò anakata mnyororo aliojifunga mwenyewe, kisha kesho anajifunga tena, kwa kuwa ndiyo riziki yake. Liyongo aliukata mara moja tu, na kama angeshindwa asingeishi kuona onyesho la pili.

Kuna funzo jingine kwa mwanafunzi wa fasihi. Mara nyingi sanaa huelezwa kuwa burudani inayokuja baada ya kazi. Katika gereza la Pate sanaa ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Ushairi ulibeba ujumbe uliopita mbele ya walinzi bila wao kuutambua, na ngoma ikawa kifuniko cha tupa. Kila aliyecheza usiku ule alishiriki katika kumfungua Liyongo, awe alijua au hakujua. Mfalme alikuwa na gereza, minyororo na askari. Alichokosa ni uwezo wa kuamua watu wachezee nini na waimbe nini. Hapo ndipo utawala wake ulipovuja.

Sindano ya Shaba

Mfalme alijifunza kutokana na makosa yake. Hila zote zilizofanywa mbele ya watu zilikuwa zimemwongezea Liyongo sifa. Safari hii aliacha umati na kutafuta mtu mmoja. Alimwita mwana wa Liyongo, yule aliyezaliwa na mama wa Kigala, akamkirimu na kumwahidi cheo na binti yake kwa ndoa. Kilichotakiwa ni siri moja: ni kitu gani kinachoweza kumwua babake?

Kijana alimwendea babake akamwuliza. Liyongo alimjibu kwamba silaha yoyote haimdhuru, isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Kijana akarudi Pate na jibu, akapewa sindano, akaenda tena kwa babake kama mwana aliyekuja kumtembelea. Alisubiri mpaka babake alipolala usingizi, akamchoma, akakimbia.

Wahakiki wamezoea kulinganisha siri hii na kisigino cha Akile wa Wayunani na nywele za Samsoni. Mlinganisho huo ni sahihi, lakini kuna jambo la karibu zaidi linalostahili kutajwa. Kitovu ni mahali mtu alipounganishwa na mzazi wake. Liyongo anauawa kupitia kovu la kuzaliwa, kwa mkono wa aliyezaliwa naye. Zaidi ya hayo, hapa ndipo mahali pekee katika maisha yake ambapo hapakuwa na hadhira. Mbele ya Wagala walikuwapo wageni na wenyeji. Chini ya mkoma walikuwapo wawindaji. Gerezani ilikuwapo ngoma nzima. Katika kila moja ya hali hizo Liyongo alikuwa macho, akijua kwamba anatazamwa, na kujua huko ndiko kulikokuwa ngao yake. Nyumbani, mbele ya mwanawe, alijiona hana haja ya ngao. Alilala kama baba yeyote anavyolala.

Msiba wa kisa hiki hauko katika kifo cha jitu. Uko katika ukweli kwamba mtu anayeishi mbele ya watu ana mahali pamoja tu pa kupumzika, na mahali hapo ndipo adui alipopanunua.

Kisimani

Uchungu wa sindano ulimwamsha. Liyongo aliinuka, akachukua upinde na mishale yake, akatembea hadi kwenye kisima ambako watu wa mji waliteka maji. Akapiga goti, akauvuta upinde, mshale ukiwa tayari kuruka, na katika hali hiyo roho ikamtoka. Hakuanguka.

Watu walipokuja kuteka maji walimwona amepiga goti analenga, wakarudi mbio. Habari zikaenea. Siku zikapita bila mtu kuthubutu kukisogelea kisima, na kiu ikaanza kuutesa mji. Wazee wakamwendea mamake wakamsihi azungumze na mwanawe, wakidhani ana hasira na watu. Mama alisimama kwa mbali, akambembeleza kwa nyimbo kama alivyombembeleza alipokuwa mtoto. Hakujibiwa. Hatimaye mwili ulianguka wenyewe, watu wakasogea, wakaiona sindano ya shaba.

Hilo lilikuwa onyesho la mwisho la Liyongo, na pengine kubwa kuliko yote. Franz Kafka, katika hadithi yake ya mwaka 1922 kuhusu mtu aliyefanya kukaa na njaa kuwa sanaa, alimchora mwanasarakasi anayesahauliwa na watazamaji wake mpaka anafia ndani ya tundu bila kuangaliwa. Liyongo ni kinyume chake. Amekwisha kufa, lakini watazamaji hawawezi kumwacha, kwa sababu maji yao yako nyuma yake. Kwa siku hizo chache mji mzima ulitawaliwa na maiti. Mfalme mwenye kiti hakuweza kuwapa raia wake hata ndoo moja ya maji.

Kuhusu kijana, masimulizi yanasema hakupata alichoahidiwa. Mfalme hakuwa na haja tena na mtu aliyemwua babake mwenyewe. Hakupata cheo wala mke, na mwisho wake ulikuwa wa fedheha na mauti.

Kijuma na Urithi wa Uwanja

Kisa cha Liyongo kilihifadhiwa kwa karne nyingi kwa vinywa vya waimbaji kabla ya kuwekwa kwenye karatasi. Edward Steere alichapisha muhtasari wake wa nathari katika mkusanyo wa hadithi za Kiswahili mwaka 1870. Toleo la kishairi linalojulikana zaidi liliandikwa Lamu mwaka 1913 na Muhammad bin Abubakar, maarufu kwa jina la Muhamadi Kijuma, na kupitia kwa Alice Werner likawafikia wasomi wa Ulaya katika miaka ya 1920. M. M. Mulokozi alilichapisha tena mwaka 1999 katika Tenzi Tatu za Kale, na mwaka 2004 kikundi cha wataalamu wa nchi mbalimbali kilitoa mkusanyo wa nyimbo zinazohusishwa na Liyongo.

Si jambo la kupuuza kwamba aliyeuandika utenzi huo alikuwa Kijuma. Mtu huyo, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mwandishi wa hati za Kiarabu zenye kupendeza, mchongaji wa mbao, mshairi, mpiga kinanda na mpenzi mkubwa wa ngoma. Aliijua nguvu ya kiwanja kwa kushiriki. Katika Lamu ya wakati wake, ngoma na majibizano ya kishairi vilikuwa njia ya mitaa kupimana nguvu bila kumwaga damu. Msimulizi wa aina hiyo asingeweza kuiona gungu ya gerezani kama pambo la hadithi. Alijua kutokana na maisha yake kwamba umati ukishaanza kuitikia kiitikio, hata mwenye mji huwa mgeni.

Hitimisho

Katika magazeti ya Afrika Mashariki neno sarakasi limepata maana ya pili: vituko vya wanasiasa vinavyokusudiwa kuwapumbaza raia. Wakati huohuo neno hilo limebaki kuwa jina la ufundi unaoheshimika. Shirika la Sarakasi lilianzishwa jijini Nairobi mwaka 2001 kuwaendeleza vijana wachezaji na wanasarakasi, na Wakenya wengi wamepata riziki yao katika viwanja vya ng'ambo kwa ustadi wa viungo vyao. Maana hizo mbili zinakutana katika maisha ya Liyongo. Mfalme wa Pate alitaka kulitumia onyesho kwa maana ya kwanza, awashangaze wageni na kuwatuliza raia. Liyongo alilitumia kwa maana ya pili, kwa ustadi, na mara moja kwa ajili ya uhai wake.

Swali linaloachwa na maisha yake ni swali ambalo mtafiti wa fasihi simulizi hawezi kulikwepa: kiwanja ni cha nani? Ni cha aliyewaita watu, cha aliyesimama katikati, au cha waliokuja kutazama? Kisa cha Liyongo kinajibu kwa namna yake. Mfalme aliwaita watu akajuta. Liyongo alisimama katikati, akashinda kila mara mpaka alipotoka kiwanjani akalala. Waliokuja kutazama ndio waliosalia. Walirudi kisimani wakateka maji, wakaenda zao na nyimbo zake midomoni. Kwa sababu yao jina la Liyongo lingali linatajwa kutoka Pate hadi Ozi, ilhali jina la mfalme aliyemwua msimulizi mmoja hulitaja na mwingine huliacha.